Kovu Sikioni mwa Sukari

Kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Waliotuachia methali hii hawakuwa wakiusifu woga wa kukimbia kivuli. Walimaanisha kuwa anayejihadhari hurudi kwake salama, ilhali anayejitia hamnazo mbele ya hatari huwaachia jamaa zake machozi. Hayo yalidhihirika huko Makueni, nje kidogo ya mji wa Emali, nyumbani kwa mwanamke aliyeitwa Mbithe.

Mbithe alikuwa na kazi iliyowachekesha wengi. Alipokea mbuzi waliolelewa ndani ya nyumba kama watoto, kisha wakachokwa walipoota pembe na kuanza kutafuna mapazia. Wenyewe hawakuwa na moyo wa kuwachinja wala nafasi ya kuwafuga. Mbithe aliwatafutia makao kwa watu walioahidi kutowapeleka buchani. Sharti lake lilikuwa moja: kila mbuzi mgeni alitengwa kwenye kibanda cha peke yake kwa wiki sita.

"Mbithe, unaogopa mbuzi kama chui!" majirani walimtania.

"Naogopa nisichokijua," alijibu.

Siku moja Nasreen, mke wa mfanyabiashara wa pale mjini, alimletea mbuzi jike mweupe pepepe aitwaye Sukari. Familia yake ilikuwa inahamia Mombasa, kwenye nyumba ya ghorofa. Mbithe alimkagua kutoka kwato hadi pembe, mkono wake ukasita penye kovu sikioni.

"Hili je? Hajaumwa na mbwa?"

"La, mama, ni seng'enge tu," Nasreen akajibu, macho yakiwa chini.

Jibu hilo halikumtua Mbithe moyoni. Aliwakataza wanawe kukisogelea kibanda, na yeye mwenyewe akawa anamnywesha Sukari maziwa kwa chupa.

Wiki ya tatu, asubuhi, Sukari aliikataa chupa. Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyelia matanga. Mate yalimtiririka, naye akawa anaigonga nguzo ya kibanda kwa kichwa, ko, ko, ko. Mbithe alifunga mlango, akampigia simu afisa wa mifugo.

Kabla afisa hajafika, alitokea mzee Kiilu. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa malori, aliyewaahidi wajukuu wake watatu kwamba angewachukulia Sukari.

"Leo siondoki bila mbuzi wangu," alisema.

"Mzee, usimguse! Huenda ana kichaa cha mbwa."

"Kichaa? Huyu amekwamwa na kitu kooni. Nimeendesha malori miaka thelathini, nitaogopa mbuzi?"

Mbithe alisimama mlangoni, mikono imetanda. Kiilu akamsukuma kando, akaingia, akaupanua mdomo wa Sukari na kutumbukiza mkono. Hakupata kitu. Alipoutoa, kidole kilikuwa kikitoka damu.

Mbithe alimburuta hadi bombani, akamwosha kidonda kwa sabuni kwa muda mrefu. Siku hiyo hiyo walikwenda hospitalini wote wawili, kwa kuwa Mbithe naye alikuwa na mchubuko kwenye mkono aliokuwa akimnyweshea Sukari. Kesho yake Sukari alikufa. Afisa alichukua vipimo, na majibu yakathibitisha kichaa cha mbwa. Mbithe alipompigia Nasreen, mama yule aliangua kilio.

"Nisamehe, mama. Aliumwa na mbwa wa mtaani. Niliogopa ungemkataa."

Mbithe alizimaliza sindano zote alizoandikiwa. Kila alipokwenda, watu sokoni walimwita Mama Sindano. Kiilu alichomwa ya kwanza tu.

"Kidonda kimepona," alimwambia Mbithe kwenye simu. "Sindano ni za watoto."

Mbithe alimpigia tena na tena. Mwishowe Kiilu akaacha kuzipokea simu zake. Kutwa nzima Mbithe alikuwa roho juu. Simu ilipolia, alihesabu pumzi tatu kabla ya kuipokea.

Mwezi wa pili tangu Kiilu aumwe, mkewe Ndunge alipiga simu.

"Dada, mzee hawezi kunywa maji. Nikimletea kikombe anapiga kelele na kurudi ukutani."

Mbithe alikaa chini palepale. Mwanamume asiyeogopa kitu sasa aliogopa kikombe cha maji. Madaktari walifanya waliloweza, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Siku ya nne Kiilu alifariki.

Mazishini, Ndunge alimshika Mbithe mikono yote miwili.

"Wajukuu walikuwa wananilalamikia kwamba umewanyima mbuzi," alisema. "Ungewapa, leo ningezika wanne."

Mbithe aliporudi nyumbani jioni aliwakuta wanawe uani wakifukuzana na kucheka hadi mbavu kuuma. Aliwakumbatia mmoja mmoja, huku masikio yake yakiwa bado na vilio vya nyumba ya Kiilu. Hakika, kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio.