Jina la Mtoto Aliyeshuka Mawinguni

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzi tu, watu walipokuwa wanaamini muhuri kuliko macho, alikuwepo rubani msaidizi aitwaye Kokugonza. Kazi yake ilikuwa kukaa kulia kwa Kapteni Severini katika ndege ndogo ya abiria, na kuitikia kila alichosema.

Sheria ya anga ilisema: anayeongoza ndege kuingia mawinguni, asikoona mbele wala chini, awe amefanya mazoezi ya kutua kwa kuongozwa na vioo vya ndani ya ndege katika miezi sita iliyopita. Ayafanye kwenye ndege, au kwenye mashine ya kuigiza urubani yenye muhuri. Kapteni Severini alikwenda kwenye mashine hiyo, akasinzia kidogo, akatoka na muhuri. Karatasi zake ziling'aa kama sahani za wageni.

Zamu ya Kokugonza iliahirishwa mara tatu, muda wake ukaisha. Basi akanunua usukani wa plastiki, akauunganisha na kompyuta sebuleni, na kila alasiri akapenya mawingu manne bila kuondoka kwenye kochi. Mamlaka ya anga haikuyahesabu mazoezi hayo. Kapteni aliyahesabu, ila kama kichekesho.

"Rubani wa kochi!" alimwita. "Leo umegonga meza au kabati?"

Mama mkwe wa Kokugonza, Bi Apolonia, alikuwa akichambua mchele pembeni mwa sebule. Siku moja akanyoosha kidole kwenye kompyuta, palipochorwa kioo kinachoonyesha kama ndege imelala upande au iko sawa.

"Na hiki kikizimika, mwanangu?"

"Hakizimiki, mama."

"Hata redio yangu ilikuwa haizimiki." Akakifunika kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Tangu hapo, kila alasiri alifunika kioo alichotaka, bila hodi. Kokugonza akaanguka ziwani mara thelathini, akilia kwa hasira, kisha akaacha kuanguka.

Masika yakafika, barabara ikakatika. Katika mji mmoja wa pembezoni, Adventina alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Ilibidi afikishwe hospitali kubwa, na njia yote ilikuwa wingu tupu.

"Nani ana muhuri?" akauliza meneja wa ndege.

"Mimi," akasema Kapteni Severini, na ndege ikaruka, Kokugonza kulia kwake, Adventina nyuma.

Katikati ya wingu, vile vioo vya kuonyesha ulalo vikafa vyote, cha kushoto na cha kulia. Kapteni akavitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Hili halikuwemo kwenye mtihani," akasema. Ndege ikaanza kulala upande.

"Nipe usukani, Kapteni."

"Wewe? Muda wako umekwisha!"

"Na wetu sote unakwisha. Nipe!"

Akampa. Kokugonza akaushika kwa mikono miwili. Sebuleni hakuna aliyewahi kupiga kelele za uchungu nyuma yake, wala kochi halikuwahi kudondoka. Lakini macho yake yaliviacha vile vioo vilivyokufa, yakakimbilia vilivyo hai: dira, kasi, kimo, kisha dira tena. Walipotokeza chini ya wingu, uwanja ulikuwa mbele yao.

Saa moja baadaye Adventina akajifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mumewe, Projestus, akaapa mtoto ataitwa jina la aliyewaokoa.

"Basi ni Severina," akasema Kapteni siku ya kutoa jina ilipofika. "Bila muhuri wangu ndege isingeondoka. Ungemzika mkeo ukimsubiri rubani wa kochi."

"Muhuri ulikaa mfukoni," akasema Kokugonza. "Ndege ilishikwa na mikono hii."

"Mikono hiyo ilifundwa na nani?" akauliza Bi Apolonia, aliyekuja na chupa ya uji. "Ningekuwa mkwe mpole, leo tungekuwa msibani."

Mamlaka nayo, kwa hekima yake, ilikuwa imeshatoa hukumu: Kapteni Severini alipewa cheti cha ushujaa, Kokugonza alipewa barua ya kujieleza kwa nini alishika usukani mawinguni, Bi Apolonia hakupewa kitu, maana hapakuwa na fomu ya mama mkwe.

Projestus akawatazama wote watatu, akakuna kichwa. Adventina akasema, "Mume wangu, mwanao ananyonya bila jina."

Haya, nyinyi mliokaa mkacheka: mwenye ruhusa asiyeweza, aliyeweza bila ruhusa, au aliyemfanya aweze? Je, nani alistahili mtoto yule aitwe jina lake?