Kasha Halipanuki kwa Sifa

"Kasha halipanuki kwa sifa." Mmeisikia leo kwa fundi seremala, mkadhani ni ya kale kuliko mimi. Sivyo. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Singida, nami nilikuwapo. Ketini wima niwasimulie.

Vijana wa mtaa wetu walikuwa na chama cha michezo ya kompyuta. Walialikwa kushindana Tabora, kwa sharti kwamba kila kundi lije na kompyuta yake ndogo, iliyofungwa kifuniko. Kazi ya kuchagua vipuri walimkabidhi mjukuu wangu Leokadia, msichana pekee miongoni mwao. Alianza na kasha dogo la bati, ambamo vipuri vyote vingekaa. Akatafuta ubao mama unaolienea, ule wa kubeba vipuri vingine, kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, kinachopatana na ubao huo, na kigavi cha umeme cha nguvu ya wastani. Ilibaki kadi ya michoro, ile inayochora picha za mchezo kwenye kioo. Hiyo ilibidi ifuatwe Dodoma, katika duka lenye tangazo mlangoni: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Akikosea, safari ya kundi zima ingekufa.

Asubuhi ya kuondoka alichomoa njiti katika ufagio wangu, akaiingiza ndani ya kasha, akaikata pale ilipogota. Ndivyo nilivyokuwa nikipima unyayo wa mama yake nilipokwenda mnadani kumnunulia viatu.

Alifuatana na Ponsiano, mwenyekiti wa chama, ambaye baadaye ndiye aliyenisimulia yaliyotokea dukani. Muuzaji alitoa kadi ndefu yenye feni tatu.

"Hii ndiyo baba lao! Nchi nzima wanaisifu."

Ponsiano akameza mate. Leokadia akailaza njiti yake juu ya kadi. Kadi ikazidi kwa vidole viwili.

"Binti, hapa hatuuzi viatu!" Muuzaji akacheka, na wateja wakacheka pia.

"Usituaibishe bwana," Ponsiano akanong'ona. "Vidole viwili tu. Tutaisukuma."

"Utasukuma bati, kaka? Na umeme wake utautoa wapi? Kigavi chetu hakiiwezi." Akamgeukia muuzaji. "Sifa zake nimezisikia, mjomba, lakini kasha halipanuki kwa sifa. Nipe ile fupi, yenye feni mbili."

Ponsiano alikubali kwa kinyongo. Ila kabla ya kutoka aliokota kijiti, akakikata sawasawa na ile kadi ndefu, akakitia mfukoni. Alikusudia kumwumbua mbele ya wenzake.

Kesho yake ukumbi wa mtaa ulijaa, nami nikaketi benchi la mbele.

"Leokadia ametuletea kadi ya watoto," Ponsiano akatangaza. "Ile ya wanaume ingeingia. Tazameni wenyewe!"

Akakiingiza kijiti chake ndani ya kasha. Kikagota. Akakisukuma. Kikavunjika.

Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alitambua ni nini kingevunjika badala ya kijiti. Leokadia akaichomeka kadi yake fupi. Ikatulia, ikabakiza nafasi ya punje ya mtama. Akafunga kifuniko, akakaza skrubu zote, akabonyeza kitufe. Feni zikavuma kwa upole, na picha za mchezo zikatiririka kiooni bila kukwama.

Ponsiano aliinua vile vipande viwili vya kijiti ili kila mtu avione. "Dada yangu," alisema, "kasha halipanuki kwa sifa. Mimi nilikuwa nasukuma sifa."

Tabora walitoka wa pili kati ya makundi kumi na moja, na kompyuta yao haikuzimika hata mara moja. Lakini fahari yangu haikungoja Tabora. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa nimeinua kichwa, nikafagia ua kwa ufagio uliopungua njiti moja.

Nanyi, mkitaka kuchagua chochote, ufagio uko nyuma ya mlango. Kasha halipanuki kwa sifa.