Kona ya Bata Anayeatamia

Ndugu zangu, mnajua mchungaji wenu anafuga bata. Wengine mmekanyaga uchafu wao mlangoni kwangu mkanung'unika njia nzima, nami nilisikia. Lakini leo siwasemi bata wangu.

Alikuwepo mama mmoja aliyefuga bata nyuma ya nyumba. Ni hawa bata wetu wa kawaida, wasiopiga kelele. Ukimkera anakupulizia tu, hsss, basi. Banda lilikuwa la udongo, halina dirisha, na mlango wake ulikuwa wa kuinama. Jike mmoja, mnene kuliko wenzake, akaanza kuatamia kwenye kona ya ndani kabisa. Yule mama akafurahi. Akatundika gunia mbele ya kona pawe na giza, kama tunavyofanya wote, akaitangazia nyumba nzima: asiguse mtu gunia hilo mpaka siku thelathini na tano zitimie. Bata akisumbuliwa anaacha mayai.

Juma la kwanza jike alikuwa akitoka mara moja kwa siku, anakula, anajimwagia maji kwenye karai, anarudi. Juma la pili akaacha kutoka. Pumba ikabaki vilevile kwenye kopo. Lakini yule mama akiinama karibu na gunia, alisikia hsss, akaridhika. Akaenda kusimulia kwenye jumuiya: "Bata wangu mimi amefunga kwa maombi!" Watu wakacheka sana. Nanyi mngecheka.

Kisha bata wengine wakaanza kupungua. Asubuhi moja hayupo mmoja. Hakuna unyoya, hakuna tone la damu, na mlango umefungwa kama ulivyoachwa. Yule mama akakuta tundu chini ya ukuta, akaliziba kwa mawe na saruji. Akanunua kufuli. Baada ya siku kama nane, hayupo mwingine. Niambieni, nyinyi mngesema nini? Si mngesema ni uchawi? Majirani walisema hivyohivyo, wakaanza kupita mbali na ua wake.

Na jambo lililowatisha zaidi ni hili. Kila jioni, jua likielekea kuzama, bata wale walijipanga mbele ya mlango wa banda, wakasimama. Hawaingii. Shingo zimenyooka, wanaangalia ndani, kimya. Bata, ndugu zangu, ambaye kila siku huwahi kulala kabla hujamwita! Yule mama akachukua fimbo, akawachapa, akawasukuma mmoja mmoja, akafunga kufuli. Jioni iliyofuata, vilevile. Na fimbo hakuiacha.

Jirani yake alikuwa bibi mjane, na ua wao ulikuwa mmoja. Yule mama akamwendea. "Shikamoo, bibi. Naomba uniambie ukweli. Nani anaingia bandani kwangu?"

"Marahaba, mwanangu. Unaniuliza mimi kama mwizi?"

"Nauliza tu. Bata wanakwisha."

Bibi akamtazama sana. "Wewe unauliza nani anaingia. Mimi kila jioni naona wenyewe hawataki kuingia. Kwa nini huulizi hilo?"

"Bata ni wajinga, bibi. Wanajua nini?"

Akaondoka amekasirika. Kuanzia siku ile wale wawili hawakusalimiana, na habari ikaenea kwamba bibi anakula bata wa watu. Yule bibi akaacha hata kuja kanisani. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mtu mzima, peke yake, na jina limechafuka.

Siku ya thelathini na tano ikafika. Ikapita. Hakuna kifaranga aliyelia. Siku ya thelathini na saba, asubuhi, yule mama akamwita binti yake wa miaka sita. "Ingia wewe, una mikono midogo. Pitisha mkono chini ya gunia, mpapase taratibu, uone kama mayai yametoboka."

Mtoto akashika mwimo wa mlango. "Sitaki, mama."

"Kwa nini?"

"Sijui. Bata wanaogopa."

"Ingia!"

"Mama, sitaki!" Akaanza kulia, vidole vimeng'ang'ania mti, na yule mama akaokota fimbo ileile ya bata.

Akainyanyua. Kisha, kwa hasira tu, si kwa hekima, akaona amwaibishe mtoto. "Basi njoo uone unachokiogopa!" Akainama, akaingia mwenyewe, akalivuta gunia.

Hapakuwa na bata. Jike yule alikuwa ameliwa zamani, wa kwanza kabisa. Juu ya mayai yake, yaliyokuwa baridi kama mawe, alikuwa amejikunja chatu, mnene kwa kushiba, kichwa amekiinua. Akapuliza: hsss.

Ndiyo sauti ile yule mama aliyoridhika nayo kila siku. Alimwekea giza. Aliikataza nyumba nzima isimsumbue. Alimzibia tundu asitoke. Na kila jioni, kwa mkono wake mwenyewe, alimpelekea chakula na kufunga kufuli.

Wanaume walikuja na mapanga, wakamuua. Lakini mimi sikuja hapa kuwahubiria habari za nyoka.

Nawauliza sisi tulioketi humu, sisi wenye nyumba nzuri. Yuko mtoto kwako ambaye kila akiambiwa aende kulala kwa ndugu fulani, anasimama mlangoni? Anayelia kila akiachwa na mtu fulani mnayemheshimu, na nyinyi mkasema ana kiburi, hana adabu, achapwe? Ni nani huyo ambaye nyumba yako nzima imekatazwa kumgusa? Kwa sababu ni mkubwa wa ukoo. Kwa sababu anatusaidia. Kwa sababu, Mungu atusamehe, anatoa sadaka nene hapa mbele. Tumemtundikia gunia, tukatafuta mwizi nje, tukawachafua wasio na kosa. Mimi pia. Kuna mama aliniletea habari ya namna hii, miaka iliyopita, nikamwambia asiivunje familia. Silali vizuri nikimkumbuka.

Sasa tutasimama tuombe. Lakini wewe ambaye kuna mtoto amekuja moyoni mwako nilipokuwa nikisema, usingoje amina. Nenda sasa hivi ukamchukue. Sisi tutakupisha.