Shogi Lenye Kushoto Mbili

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuongea, ni zamani hii hii ya pikipiki, palikuwa na fundi ngozi akiitwa Mzee Chiwanga. Mkewe, Mama Mashavu, naye alikuwa fundi ngozi. Walilala nyumba moja, walikula chungu kimoja, na walibishana kutwa. Msicheke, hata kwenu wapo.

Binti yao wa pekee, Mashavu, aliolewa na kijana wa jirani, mtoto wa Bibi Mwasiti. Vijana wakahamia ng'ambo ya mto, nyuma ya milima, kufuata mashamba. Wazee wakabaki, wakwe kwa wakwe, ua kwa ua, wakiazimana chumvi na kusikilizana ugomvi.

Siku moja akaja Ndahani, mchuuzi aliyezunguka vijijini na pikipiki yake akiuza chumvi na sindano. Akaleta habari.

"Mashavu amejifungua mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Ila jina bado. Wanasema mzee atakayefika kwanza kutoka huku akamshika mtoto, huyo ndiye atakayempa jina."

Mama Mashavu akapiga vigelegele. Bibi Mwasiti akavipokea kutoka upande wa pili wa ua. Mzee Chiwanga akasema moshi umemwingia machoni, na moto ulikuwa haujawashwa.

Ndahani akaendelea. "Sasa na mimi nina shida. Magunia yangu yamechanika, chumvi inamwagika njiani. Nataka shogi."

Shogi mnalijua, ule mfuko wa pande mbili anaotwikwa punda. Ndahani alitaka la pikipiki, la ngozi, lililoshonwa kwa ukanda wa ngozi, maana uzi ulikuwa ukimkatikia mabondeni.

"Atakayenitengenezea nitampakia nyuma, nimfikishe mpaka mlangoni kwa Mashavu. Lakini mvua ikianza, mto haupitiki mpaka kiangazi."

Na msiniletee habari za mishikaki hapa, za kupakiana watatu watatu! Nyuma alifunga kreti la bidhaa. Nafasi iliyobaki ilimtosha mtu mmoja, tena asiyependa kujinafasi.

Ndahani akatoa maagizo. "Kila mfuko ukatwe kona ya chini, kwa mbele, kisigino changu kipate pa kukaa. Mzee, wewe shika wa kuume. Mama, wewe shika wa kushoto." Wakaizunguka pikipiki, wakapima, naye akaenda zake kuuza vijiji vya jirani.

Mzee Chiwanga akatoa ngozi yake, aliyoiloweka kwenye magome ya mgunga, akaikanda kwa mafuta mpaka ikalainika kama kitenge kilichofuliwa sana. Wakagawana. Wakakata, wakatoboa matundu kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi ngozi. Wakachukua kipande cha duara, wakakikata kwa kuzunguka, kuzunguka, mpaka ukatoka ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Kisha wakapeana migongo, kila mtu akashona wake.

"Usinichungulie," akasema mzee.

"Nikuchungulie ili nijifunze nini?" akasema mkewe.

Ndahani akarudi. Mfuko wa Mama Mashavu ukatundikwa kushoto, ukakaa sawasawa. Mfuko wa mzee ukatundikwa kulia. Kona iliyokatwa ikatokea nyuma, na kona isiyokatwa ikaja mbele, ikakaa juu ya breki. Ndahani akawasha, akaenda kidogo, akatafuta breki kwa mguu, akakuta ngozi. Akaingia kwenye maboga ya Mama Mashavu, yeye na pikipiki yake.

"Mzee wangu," akasema akijifuta udongo, "huu ni wa kushoto!"

"Ni wa kuume."

"Kuume kwa nani?"

"Kwangu! Nilisimama mbele, taa inanitazama, nikafuata mkono wangu wa kuume. Mgeni anatazamwa usoni."

"Pikipiki ni mgeni?" akafoka mkewe. "Pikipiki inapandwa! Mimi niliikalia ndipo nikapima."

Ndahani akakiri kwamba hata yeye hakusema kuume kwa nani. Lakini ngozi ilikuwa imekwisha, na mawingu yalikuwa yameshasimama juu ya milima. Akaanza kukusanya magunia yake mabovu. Mama Mashavu akakaa chini, akalia waziwazi. Mzee akaanza kuokota maboga yaliyopondeka, moja moja.

Bibi Mwasiti akaingia kwa kupitia tundu la ua. "Nipeni huo wa mkwe wangu."

Akafungua ukanda wote, ncha hadi ncha. Akatandika vipande, akavigeuza kimoja kimoja, ndani nje, nje ndani, kama ugeuzavyo soksi. Akaurudisha ukanda katika matundu yale yale. Kabla jua halijafika utosini mfuko wa kushoto ulikuwa umekuwa wa kulia. Upande wenye manyoyamanyoya ulikuwa nje, lakini kona ilikuwa mbele. Ndahani akapanda, akaenda, akakanyaga breki, akasimama kabla ya maboga.

"Shogi ndilo hili!" akasema. "Haya, nani anapanda?"

"Mimi," akasema mzee. "Ngozi ni yangu. Ingekuwa ya fundi mwingine, ingepasuka ilipogeuzwa. Kosa langu lilitengenezeka kwa sababu kazi yangu ilikuwa nzuri. Tena magoti haya, nisipopelekwa, mlima sitauvuka kamwe."

"Mimi," akasema Mama Mashavu. "Wangu ulikaa sawa mara ya kwanza, haukuguswa. Aliyekosea apande, aliyepatia abaki akitazama vumbi? Na Mashavu nilimzaa mimi, tangu aolewe sijamtia machoni."

"Mimi," akasema Bibi Mwasiti. "Mlikuwa na kushoto mbili, shogi hamkuwa nalo. Nimewapa shogi. Na mtoto yule ni damu ya mwanangu."

"Kwa ngozi ya mume wangu, mkwe," akasema Mama Mashavu. "Kwa matundu yake."

"Leo ndiyo unayasifu matundu yangu?" akauliza mzee. Wakacheka wote watatu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini hakuna aliyerudi nyuma hata hatua, na kila mmoja alikuwa amekwisha kufunga kifurushi chake.

Tone la kwanza likaanguka juu ya tangi. Ndahani akapangusa kiti kwa kiganja.

"Mimi sichagui," akasema. "Nyote ni wazee wangu, na nitarudi kula hapa. Lakini mto hautanisubiri."

Haya, nyie mliokuwa mkicheka. Ng'ambo ya mto yupo mtoto ambaye mpaka sasa anaitwa "wewe" tu. Huku pikipiki inanguruma na mvua imeanza. Mwenye ngozi, mwenye mfuko uliokaa sawa, au mwenye kugeuza? Semeni upesi: nani alistahili kupanda?