Kibarua wa Baba Yake

Mwana akiitwa kibarua, shamba hurithiwa na jirani. Ndivyo alivyosema mjomba wenu leo kwenye kikao, nanyi mkatazamana, mmoja wenu akacheka. Mlidhani ametoka nje ya mada. Baba yenu alikuwa ameshauri shamba liandikwe kwa jina la rafiki yake wa mjini, ili likwepe kodi mpaka mtakapokuwa tayari kulichukua. Mjomba wenu akamjibu kwa methali kwa sababu shemeji hagombezwi mbele ya watoto wake. Sasa mnaniuliza mimi bibi yenu maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni, na huyo aliyecheka akae karibu zaidi. Methali hii ina kaburi lake, na chanzo chake ni hiki.

Enzi za majumbe na makarani wa kodi, watu wengi walishuka kutoka milima ya Upare kwenda tambarare kutafuta ardhi. Kule juu mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka mgomba wa huyu ukianguka unaangukia kwa yule. Mmoja wa walioshuka aliitwa Mchome. Mkewe alikuwa amefariki, naye akamwacha mtoto wao mdogo, Elinihaki, kwa bibi yake mlimani, akashuka na shoka lake. Alifyeka miiba, akang'oa visiki, akachimba mfereji kutoka mtoni, na baada ya miaka mingi lile pori likawa shamba la mahindi na miwa ambalo wapita njia walisimama kulitazama. Alikuwa mchapakazi kwelikweli, hilo simnyimi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alijiona ana akili kuliko serikali na kuliko kifo.

Kodi ya siku zile ilihesabiwa kwa nyumba. Nyumba ya mwana aliyeoa ilitozwa kodi yake, hata kama imejengwa uani kwa baba yake. Tena siku baba anapomkabidhi mwanawe shamba, kulikuwa na ada ya kukabidhiana. Lakini kibanda cha kibarua hakikutozwa kitu, kwa kuwa kibarua alihesabiwa kule alikotoka. Mchome akaliona tundu hilo, akaamua kulipitia.

Elinihaki alikua, akaoa, na bibi yake alipofariki akamchukua mkewe Nakiete wakamfuata baba tambarare. Huko hakuna aliyewajua. Mchome aliwalaki njiani kabla hawajafika kijijini, akawakalisha, akawaeleza mpango wake. Mbele ya watu Elinihaki atakuwa kibarua, na nyumba yake itakuwa kibanda cha kibarua. Kodi yake haitalipwa, na siku Mchome atakapohisi nguvu zinamwishia, ataita wazee, aseme neno moja tu, kwamba huyu ni mwanangu, na shamba litamwangukia Elinihaki zima, bila ada wala usumbufu. Aliyafanya hayo kwa mapenzi, wajukuu zangu, na hilo ndilo linaloniuma kila nikilisimulia. Elinihaki alikuwa amekaa utoto wake wote akimngoja baba. Siku aliyompata ndiyo siku aliyokatazwa kumwita baba, naye akakubali, maana hakutaka kumpoteza tena.

Basi akawa anamwita tajiri, kama vibarua wote walivyowaita waliowaajiri. Alikula nje, sahani magotini. Nakiete alimsalimu mkwe wake kwa mbali, na alipojifungua mtoto wa kike, babu hakumpakata hadharani. Yule mtoto alipoanza kusema alijifunza kumwita babu yake tajiri, na Nakiete alipomsikia aliingia ndani akalia.

Jumbe alitaka jirani ashuhudie kwamba kibarua ni kibarua kweli. Jirani wa Mchome alikuwa Mbwambo, aliyelima mwisho wa mfereji, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Kila mwaka karani alipopita, Mchome alionyesha kile kibanda kwa kidole, Mbwambo akaitikia kwa kichwa, na Elinihaki akavua kofia na kusema kuwa yeye ni kibarua wa mzee huyu. Karani alipita bila kuandika kitu.

Mbwambo aliujua ukweli. Mchome mwenyewe alimwambia siku moja wakinywa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, kwa kuwa ujanja usiosimuliwa hauna utamu. Walicheka pamoja. Mchome akayasahau aliyoyasema, Mbwambo akayaweka akiba.

Nakiete hakuchoka kumwuliza mumewe hilo neno moja litasemwa lini. Elinihaki alimwuliza baba yake, tena kwa unyenyekevu, naye akajibiwa kuwa bado, msimu huu upite, mavuno haya yaishe. Kila mwaka kodi iliyookolewa ilimnogea Mchome zaidi kuliko ile ya mwaka uliotangulia. Haba na haba hujaza kibaba, alisema, na akaendelea kungoja kifo kije kwa hodi.

Hakikupiga hodi. Alikuwa mferejini akifungulia maji, kiharusi kikamwangusha. Elinihaki alimbeba mgongoni mpaka ndani ya nyumba ambamo yeye mwenyewe hakuwahi kulala, kisha akakimbia kumwita jumbe na wazee. Walikuja. Mchome alimtazama mwanawe, machozi yakamtiririka, akafungua mdomo uliopinda na kutoa sauti. Alikuwa akisema mwanangu. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema kuwa mgonjwa anaomba maji. Wakamletea maji. Aliyamwaga kifuani, akatoa ile sauti tena, wakamwongezea. Elinihaki aliwaambia sicho anachotaka, na wazee wakamwambia kibarua asogee, mgonjwa apate hewa. Mchome alifariki kesho yake.

Makaburi yalichimbwa na vibarua. Elinihaki akapewa jembe, akachimba kaburi la baba yake. Ulipofika wakati wa watoto wa marehemu kutia udongo wa kwanza alisogea, na mzee mmoja akamshika mkono taratibu, akamwambia asubiri wenye msiba.

Baada ya matanga likaitwa baraza. Elinihaki alisimama akasema kuwa yeye ni mwana wa Mchome na shamba ni lake. Watu walinong'ona, wengine wakamhurumia kama mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba.

"Kila tajiri akifa, kibarua wake hugeuka mwana," jumbe alisema. "Mbwambo, wewe ndiye shahidi wetu wa miaka yote. Huyu ni nani?"

Mbwambo hakusema uongo mpya. "Mzee jumbe, nilishasema mbele ya karani kuwa ni kibarua. Siwezi kulamba matapishi yangu."

Akasimama ndugu mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka mlimani kwa ajili ya msiba. "Mimi ndiye niliyempa jina," alisema. "Huyu ni damu yetu, na watu wote wa kwetu wanamjua."

Elinihaki akashusha pumzi. Alidhani ameokoka. Ndipo karani alipokohoa na kusema kuwa kama huyu ni mwana, basi ile nyumba ilifichwa kodi tangu ilipojengwa, na shamba linadaiwa kodi yote hiyo pamoja na faini ya kuidanganya serikali.

Jumbe hakuwa mtu mbaya, na lile jambo halikumfurahisha.

"Kijana, njia ni mbili na zote zina miiba," alisema mwishowe. "Sema wewe ni kibarua, nitaamuru ulipwe ujira wako wa miaka yote kutoka katika mavuno, uende ukaanze maisha. Shamba baraza litampa mtu mwingine. Au sema wewe ni mwana, na shamba litauzwa kulipa kodi mliyoificha, na hutabakiwa na kitu. Wewe ni nani?"

Ujira ule ungemnunulia ng'ombe, na mahali pa kujenga. Elinihaki alimtazama Nakiete na mtoto aliyembeba. Nakiete hakumwashiria lolote.

"Nimemchimbia kaburi kama kibarua," Elinihaki alisema. "Siwezi kumwacha humo kama tajiri yangu. Yule ni baba yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza watu wa tambarare kumsikia akilitamka neno hilo. Wazee waliinamisha vichwa, na yule aliyeleta maji akafunika uso kwa shuka lake. Lakini sheria haikuinamisha kichwa. Shamba liliuzwa, na mtu pekee aliyekuwa na fedha tayari ni Mbwambo, ambaye alikuwa amewauza ng'ombe wake siku ambazo wenzake walikuwa bado matangani.

Mwajua njaa haina kiburi. Mahindi aliyoyapanda Elinihaki yalikuwa yamekomaa, na Mbwambo alihitaji wavunaji, basi Elinihaki na mkewe wakayavuna kwa ujira. Kaburi lilibaki ndani ya mpaka wa Mbwambo. Elinihaki alipotaka kulipalilia, ilimbidi akapige hodi kwanza na kuomba ruhusa, na zipo siku aliambiwa arudi wakati mwingine, kazi ni nyingi. Alizeeka akiomba ruhusa hiyo, naye alipokufa Mbwambo hakutaka kaburi jingine shambani mwake. Walimrudisha mlimani.

Lakini nirudi nyuma kidogo: wakati ule walipokuwa wakimvunia Mbwambo, mgeni mmoja alipita njiani, akasimama kulisifu lile shamba. Alimwona Nakiete ametua mzigo wa mahindi ukingoni mwa mfereji, akamwuliza ni nani aliyelifungua pori lile likawa zuri namna hii. Nakiete akamjibu ni baba mkwe wake. Mgeni akafurahi, akasema basi bila shaka sasa ni lenu. Nakiete alijitwisha mzigo wake kwanza, akauweka sawa kichwani, kisha akamwambia, "Mwana akiitwa kibarua, shamba hurithiwa na jirani."