Ua Lililokaa Shinani

Mtazama kilele haoni ua la shina. Mmeisikia kwa shangazi yenu, sasa mnataka kujua ilikotoka. Vizuri. Kaeni, na simu wekeni chini. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Uluguru aliishi mzee Kobelo, mlinzi wa msitu aliyestaafu. Bondeni kulikuwa na mti ambao wenzake waliuita mkangazi tu. Yeye alikataa. "Huu ni mti mwingine," alisema, wakamcheka. Binti yake Leokadia, aliyesomea mimea, alimwamini. Lakini wataalamu hawatangazi mti mpya kwa majani peke yake. Wanataka ua, na hakuna aliyewahi kuuona ule ukichanua.

Kila kiangazi, miti mingine ilipochanua, Leokadia alifunga kamba akapanda hadi kileleni. Hakuna kitu. Macho ya baba yake nayo yalikuwa yanafifia. Alichotaka ni kimoja: baba alione ua kabla giza halijamfika.

Masika moja mzee akasema, "Nipeleke, mama. Nikauage mti wangu."

Leokadia akamshika mkono mpaka bondeni, akamketisha, mgongo ukiegemea shina lililofunikwa na kuvumwani, ule mmea laini wa kijani unaotanda kwenye magome. Kisha, kama kawaida yake, akainua darubini.

"Kuna nini huko juu?"

"Majani, baba."

"Basi twende. Mgongo umelowa."

Alipomwinua, akaliona koti lake.

"Baba, simama hapohapo!"

"Nyoka?"

"Maua! Umeyaegemea. Koti lote ni unga wa njano."

"Ungeniambia, ningelivua."

Leokadia akapapasa chini ya kuvumwani. Yalikuwa pale, madogo kama choroko, yameota kwenye gome lenyewe. Kumbe yalikuwa yakichanua wakati wa mvua, naye alikuwa akija kiangazi kufunga kamba palepale. Akalia, akacheka. Akachuma moja, akamsogezea baba karibu kabisa na jicho.

Mzee alilitazama sana. "Dogo hivi," akasema, "na limetugombanisha na watu miaka yote."

Mti ukatangazwa kwa jina la Kobelo. Wenzake Leokadia walipomuuliza aliliona wapi hilo ua, alijibu, "Mimi? Mimi nilikuwa naangalia juu. Aliyeliona ni mgongo wa baba."

Ndiyo hiyo. Sasa babu yenu yuko ndani tangu asubuhi na hakuna aliyemwamkia. Nendeni. Mtazama kilele haoni ua la shina.