Matawi ya Chausiku

Tanga palikuwa na muuza maziwa wa baiskeli, Chausiku, mpole wa sura tu. Na palikuwa na Bwana Mbaruku, aliyepanga magari yake manane ya kuuza juu ya njia ya baiskeli. Kila asubuhi Chausiku alilazimika kuingia barabarani, malori yakimpigia honi mgongoni.

"Bosi, tutakufa," alilalamika.

Mbaruku alicheka. "Mwenye baiskeli naye anataka njia yake? Ruka juu!"

"Haya. Ila wenzangu wasije wakakwaruza magari yako. Niweke alama wayaone kwa mbali?"

"Sasa umesema la maana. Weka." Akaingia ofisini kunywa chai.

Chausiku akakata matawi ya mwarobaini, akayalaza mbele na nyuma ya kila gari, akaenda zake.

Saa nne akafika mteja mnene. "Pole, Mbaruku! Nimeona matawi tangu kule kona. Yote manane yameharibika?" Hakungoja jibu, akaenda kununua kwingine.

Kesho yake njia ilikuwa nyeupe. Mbaruku, amenuna mlangoni, akamwona Chausiku akipita na tawi nyuma ya baiskeli.

"Na hilo la nini?"

"La akiba, bosi."